Jinsi ya kuchagua betri ya kubebeka kwa darubini yenye mota

Kiweko chenye mota, yaani ile sehemu yenye gia inayokaa kati ya miguu mitatu na darubini yenyewe, hakili umeme mwingi. Vingi havifiki wati 10 vinapofuatilia nyota kwa mwendo wa kawaida. Taabu yake ni kwamba hakivumilii volteji inayoyumba. Mota zikiwaka kwa kasi kuelekea nyota nyingine, mkondo hupanda ghafla, volteji ya betri dhaifu huporomoka kwa muda mfupi sana, na rimoti hujizima kisha kuwaka upya. Kazi yote ya kulinganisha darubini na nyota mwanzoni mwa usiku inapotea hapohapo, na unaanza upya gizani.

Kwa hiyo unaponunua betri, namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi isikushughulishe kwanza. Swali la kwanza ni hili: mota zote mbili zikivuta kwa nguvu, volti ngapi zinafika kwenye tundu la kiweko? Kila hatua hapa chini inalenga kupata jibu zuri la swali hilo.

Hatua ya 1: Soma mahitaji ya kiweko chako

Tafuta lebo karibu na tundu la umeme, au ukurasa wa vipimo kwenye kitabu cha maelekezo. Andika mambo manne: volteji inayokubalika, ampia za juu kabisa, aina ya tundu, na upande wa chanya.

Baadhi ya viweko vya Sky-Watcher, kama EQ6-R Pro, vinakubali volti 11 hadi 16. Hiyo ni nafasi pana, na inafaa kuitumia vizuri: viko salama na vina raha zaidi kwenye volti 13 kuliko 11.5. Vya Celestron vimeandikwa volti 12 na chanya iko katikati ya plagi. Vingi vya ukubwa mdogo na wa kati hutumia plagi ya duara yenye kipenyo cha nje cha milimita 5.5 na tundu la ndani la milimita 2.1. Kuna plagi nyingine inayofanana nayo kabisa kwa macho, ya 5.5 kwa 2.5. Hiyo itaingia, itawasha taa, kisha itakuwa ikiachia kila kiweko kinapozunguka. Pima kabla ya kununua. EQ6-R na Celestron Advanced VX zina tundu la kufungwa kwa uzi wa skrubu, nalo ni bora sana kwa sababu waya ukivutwa haichomoki.

Viweko vidogo kama NexStar SE na AZ-GTi vina nafasi ya betri 8 za AA. Zichukulie kama akiba ya dharura. Kwa matumizi ya usiku mzima zinaisha mapema, na kuzinunua kila wiki kunakula fedha ambayo ingekupa betri ya kuchaji.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya usiku mmoja

Kwetu karibu na ikweta, giza kamili hudumu takriban saa tisa na nusu karibu mwaka mzima, toka kama saa moja na dakika arobaini usiku hadi baada ya saa kumi na moja alfajiri. Wachache hukesha zote. Kwa kutazama tu, weka saa 6. Kwa kupiga picha, weka 9.

Ampia za kukadiria, kwa volti 12, ni hizi:

- Kiweko cha wastani kikifuatilia nyota: 0.4 hadi 0.8
- Kiweko hichohicho kikizunguka kwa kasi: 1.5 hadi 3
- Mkanda wa kuzuia umande kwenye darubini ya inchi 8: 1 hadi 2 ukiwa umefunguliwa wote
- Kompyuta ndogo ya kuendesha kamera: 1 hadi 1.5
- Kamera yenye kipozaji: hadi 3 inaposhusha joto, kisha karibu nusu yake

Angalia mstari wa tatu. Mkanda wa umande unaweza kula mara mbili ya kiweko, na ndio unaomaliza betri za watu wengi wanaoilaumu darubini. Ukiwa Bagamoyo, Mombasa, Unguja au kando ya Ziwa Naivasha, umande hauepukiki, hivyo uweke kwenye hesabu tangu mwanzo. Magadi, kwenye joto na ukavu, huenda usiuwashe kabisa, lakini huko kamera yenye kipozaji itavuta zaidi kwa sababu ina joto jingi la kupambana nalo.

Kuna jambo jingine la huku kwetu. Viweko vingi vya ikweta, yaani vile ambavyo mhimili wake mmoja huelekezwa kwenye ncha ya anga, haviwezi kulala chini hadi latitudo ya nyuzi 1 ya Nairobi, na hata nyuzi 7 za Dar es Salaam ni shida kwa baadhi. Ndiyo maana wengi hutumia kiweko cha kwenda kushoto-kulia na juu-chini. Hapo mota zote mbili zinafanya kazi muda wote, tofauti na kiweko cha ikweta ambacho kwa sehemu kubwa huzungusha mhimili mmoja. Ukitumia aina hiyo, chukua namba ya juu kwenye makadirio.

Sasa zidisha. Mtazamaji asiye na kamera: ampia 0.7 kwa saa 6 ni ampia-saa (Ah) 4.2, ongeza kidogo kwa mizunguko ya kasi, sema 5 Ah. Kisha gawanya kwa sehemu ya betri inayotumika bila kuiumiza. Kwa betri ya risasi ni nusu: 5 kugawanya kwa 0.5 ni 10, hivyo nunua ya 12 Ah. Kwa LiFePO4, aina ya betri ya lithiamu, ni asilimia 80: 5 kugawanya kwa 0.8 ni 6.25, hivyo ya 7 Ah inatosha.

Mpiga picha mwenye vifaa vyote hukaa kwenye dunia nyingine: kiweko 0.7, kamera 1.5, kompyuta 1.2, mkanda 1, jumla ampia 4.4. Kwa saa 9 ni karibu 40 Ah, na ukigawanya kwa 0.8 unapata 50 Ah za LiFePO4. Ushauri wetu kwa huyu ni betri mbili: ndogo ya 7 Ah kwa kiweko peke yake, na kubwa kwa mengine yote. Mkanda wa umande ukimaliza betri saa tisa usiku, kiweko kiendelee bila kushtuka.

Hatua ya 3: Chagua aina ya betri

*Betri ya risasi iliyofungwa*, ile ya kengele za ulinzi na UPS, inapatikana kila mji kwa bei nafuu. Ya volti 12, 7 Ah, ina uzito wa kilo 2 na ushee. Ikiwa imejaa na imepumzika inasoma karibu volti 12.7; ikifika 12.2 iko nusu, na hapo ndipo pa kuacha. Udhaifu wake ni kwamba volteji hushuka polepole usiku kucha na hushuka zaidi mota zinapovuta. Ukiitumia, nunua kubwa kuliko hesabu ilivyosema. Kumbuka pia kwamba 7 Ah iliyoandikwa imepimwa kwa kutoa umeme taratibu kwa saa 20, yaani ampia 0.35. Ukivuta ampia 2, hupati 7 zote.

Betri ya gari na ya bodaboda ni ya kuwashia injini. Imeumbwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache na kujazwa mara moja. Ukiishusha hadi nusu kila wiki, itakufa mapema. Betri ya sola ya kutoa taratibu inafaa zaidi, ila uzito wake ni wa kubebwa na gari. Na usiunganishe kiweko kwenye gari kisha uwashe injini: stata inapozunguka volteji huanguka, na rimoti itajizima.

*LiFePO4* ndiyo tunayoipendekeza kwa anayeweza kuimudu. Ina seli nne za volti 3.2, jumla 12.8, na kwa sehemu kubwa ya matumizi yake hubaki kati ya volti 12.8 na 13.2. Hapo ndipo kiweko kinapopenda kukaa. Ya 7 Ah ina uzito wa karibu kilo 1, na huvumilia kuchajiwa zaidi ya mara 2,000 ikitunzwa, wakati ya risasi huanza kuchoka baada ya mamia machache. Ina kasoro moja ya kujiandaa nayo: kwa kuwa volteji yake haishuki polepole, huwezi kujua kwa mita ya volti imebaki kiasi gani. Saketi yake ya ulinzi, BMS, hukata umeme ghafla inapokaribia kuisha. Funga mita inayohesabu ampia-saa, au tunza kumbukumbu ya saa ulizotumia.

*Pakiti za lithiamu za seli tatu*, zile za plastiki ya buluu zinazouzwa kama "12V", zinaanza na volti 12.6 na zinashuka hadi 9. Kiweko kinachotaka 11 kitaacha kufanya kazi huku sehemu nzuri ya nishati ikiwa bado ndani. Za seli nne zina tatizo la upande mwingine: zikijaa ni volti 16.8, juu ya kikomo cha 16. Betri za drili za volti 18 hufika karibu 21 zikijaa, na adapta nyingi za laptopu ni za volti 19. Usichomeke chochote kati ya hivyo moja kwa moja, hata kwa kujaribu tu. Lazima upitishe kwenye kibadilishaji cha kushusha volteji kilichowekwa 12.5 hadi 13, na ukipime kwanza bila kiweko.

Vipi kuhusu pawabenki na pawasteshoni?

Pawabenki ya mAh 20,000 haina ampia-saa 20 za volti 12. Namba hiyo ni ya seli za volti 3.7, hivyo ni wati-saa 74. Ukizigawanya kwa 12 unapata 6.2 Ah, na baada ya hasara ya kupandisha volteji hubaki kama 5.3. Hicho si kidogo. Kinatosha kiweko kidogo kwa usiku wa kutazama.

Vizuizi ni viwili. Waya wa USB-C unaotoa volti 12 unategemea pawabenki yenyewe kukubali, na nyingi hutoa 5, 9, 15 na 20 bila 12. Soma maandishi madogo kwenye mgongo wake na utafute "12V" pamoja na ampia zake. Unataka angalau 2, na 3 ni bora. Kizuizi cha pili ni kwamba baadhi hujizima zikiona mkondo mdogo, zikidhani simu imejaa. Kiweko kinachofuatilia nyota polepole ni mkondo mdogo hasa.

Pawasteshoni, yaani betri kubwa za kubebeka zenye soketi kama za ukutani, nazo zina tabia hiyo ya kujizima, kwa hiyo zima hali ya kuokoa umeme kwenye menyu. Tumia tundu lake la volti 12, na uhakikishe maelezo yanasema volteji imedhibitiwa, mara nyingi karibu 13. Kuna wanaochomeka adapta ya ukutani ya kiweko kwenye soketi ya volti 230 ya pawasteshoni. Inafanya kazi, lakini umeme unageuzwa mara mbili bila sababu, na kigeuzi chenyewe hula wati kadhaa usiku kucha hata kisipotumika kwa maana.

Hatua ya 4: Waya na viungo

Hapa ndipo betri nzuri huharibiwa jina. Chukua waya mwembamba wa milimita za mraba 0.5, urefu wa mita 3. Umeme unakwenda na kurudi, hivyo ni mita 6 za shaba, zenye ukinzani wa karibu ohm 0.2. Kiweko kikivuta ampia 3, volti 0.6 zinapotelea njiani. Betri ya risasi iliyoshuka hadi 11.8 inafikisha 11.2, na ukiongeza udhaifu wa plagi uko chini ya 11. Waya wa milimita 1.5 kwa urefu huohuo unapoteza 0.2 tu. Ni saizi ileile ambayo fundi umeme hutumia kwa taa za nyumba, ila omba waya laini wa nyuzi nyingi. Ule mgumu wa uzi mmoja utakatika ndani kwa kukunjwa kila usiku.

Waya uwe mfupi kadiri kiweko kinavyoweza kuzunguka bila kuuvuta. Betri ikae chini katikati ya miguu mitatu, juu ya ubao au ndani ya boksi la plastiki ili isikae kwenye majani yenye maji.

Plagi ya laita ya gari ni kiungo kibaya kuliko vyote. Imeshikwa kwa springi tu, huzunguka, hupata joto na huachia. Kama betri yako ina tundu hilo peke yake, unganisha waya moja kwa moja kwenye vichwa vya betri na uweke plagi za XT60 au Anderson Powerpole, ambazo hushika kwa nguvu na haziwezi kuingizwa kinyume. Viungo vya waya vibanwe kwa koleo lake au vilehemiwe vizuri. Kusokota na kufunga tepu ya umeme hakutoshi.

Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, ndani ya sentimita 15 kutoka kwenye betri. Ya ampia 5 inatosha kwa kiweko peke yake. LiFePO4 ndogo inaweza kutoa makumi ya ampia nyaya zikigusana, na waya mwembamba utawaka moto kabla BMS haijaamua kukata.

Hatua ya 5: Jaribu mchana, nyumbani

Usipeleke betri mpya porini kabla ya jaribio hili. Unahitaji multimita na muda wa kutosha.

1. Chaji betri ijae, kisha iache ipumzike kwa saa kadhaa. Ya risasi isome 12.6 au zaidi. Ikiwa mpya dukani inasoma chini ya 12.4, imekaa rafu muda mrefu, omba nyingine.
2. Kabla ya kuchomeka kiweko, gusa plagi kwa multimita: ncha nyekundu ndani ya tundu la katikati, nyeusi kwenye bomba la nje. Kama alama ya kutoa inatokea, polariti imegeuka. Kuna saketi ambazo haziponi kosa hilo.
3. Funga darubini na kila kitu utakachotumia, na ukisawazishe vizuri kwenye mihimili yote miwili. Kiweko kisicho na mizani kinalazimisha mota kuinua uzito, na ampia hupanda bila faida yoyote.
4. Pima volti karibu kabisa na tundu la kiweko, si kwenye betri. Zungusha mihimili yote miwili kwa kasi ya juu kwa wakati mmoja. Ikishuka chini ya 11.5, tatizo lipo. Sasa pima kwenye vichwa vya betri wakati mota zinavuta: kama hapo ni 12.3, waya au plagi ndiyo mkosaji. Kama hapo pia ni 11.6, betri ni dhaifu.
5. Iache ifuatilie kwa saa tatu ukiwa na mita ya ampia kwenye njia. Namba hiyo ndiyo utakayoitumia badala ya makadirio yangu ya Hatua ya 2.

Kwa kujua kama uwezo ulioandikwa ni wa kweli, nenda duka la spea ukanunue balbu ya indiketa ya gari, volti 12, wati 21. Huvuta karibu ampia 1.8. LiFePO4 ya 7 Ah iiwashe kwa saa tatu na nusu hadi nne. Ya risasi ya 7 Ah iendelee angalau saa mbili na nusu kabla ya kushuka hadi volti 11. Ikifika hapo izime na uichaji mara moja. Balbu huwa ya moto sana, hivyo iweke juu ya sakafu ya saruji. Mizani pia husema ukweli: LiFePO4 ya volti 12 ina kilo 1 au zaidi kwa kila 10 Ah. Ukiuziwa "20 Ah" yenye gramu 800, hakuna seli za kutosha humo ndani.

Kuchaji na kutunza

Betri ya LiFePO4 inataka chaja ya volti 14.4 hadi 14.6. Chaja ya gari yenye hatua ya "kufufua" betri hupandisha zaidi ya 15, na hiyo usiitumie. Usiichaji ikiwa na baridi chini ya nyuzi 0, jambo la kukumbuka kwa anayepiga kambi juu kwenye Mlima Kenya au Kilimanjaro. Kuitumia kwenye baridi hiyo ni sawa, kuichaji ndiko kunakoharibu seli. Ukiiweka kabatini kwa miezi, iache nusu.

Ya risasi ni kinyume: iwekwe ikiwa imejaa, na ichajiwe asubuhi ileile unaporudi. Kila siku inayokaa tupu, sulfati hugandamana kwenye sahani zake na uwezo hupungua bila kurudi. Kwa 7 Ah, chaja ya ampia 0.7 hadi 1 inatosha.

Kambini kwa siku kadhaa, paneli ya sola ya wati 50 yenye kidhibiti kilichowekwa kwa aina ya betri yako hurudisha kwa urahisi 7 Ah ndani ya siku moja ya jua. Kwa 20 Ah, ambazo ni wati-saa 256, chukua paneli ya wati 100.

Ukisafiri kwa ndege

Tarehe 2 Agosti 2027 kivuli cha kupatwa kwa jua kikamilifu kitapita Misri, Saudi Arabia, Yemen na Somalia, na karibu na Luxor giza litadumu zaidi ya dakika 6. Wengi watakwenda na viweko vyao. Kanuni za ndege kwa betri za lithiamu za akiba ni hizi: hadi wati-saa 100 huruhusiwa, 100 hadi 160 kwa idhini ya shirika na zisizidi mbili, zaidi ya 160 haziruhusiwi kwa abiria. Zote ziingie nawe ndani ya ndege, kamwe zisiwe kwenye mizigo ya chini. LiFePO4 ya 7 Ah ni 12.8 mara 7, yaani wati-saa 89.6, hivyo inapita. Ya 12 Ah ni 153.6, na bila barua ya shirika itabaki uwanjani. Namba ya wati-saa (Wh) isomeke kwenye betri yenyewe, na vichwa vyake vifunikwe kwa tepu ya umeme.

Kikianza kusumbua usiku

Kwenye viweko vya Sky-Watcher kama HEQ5 na EQ6, taa nyekundu ya umeme ikipepesa polepole betri inapungua; ikipepesa haraka, simamisha mizunguko ya kasi na ubadilishe betri. Kwenye Celestron, ujumbe wa "No Response 16" au "17" mara nyingi unatokana na volteji ndogo au waya uliolegea. Anza na plagi kabla ya kufikiria mota imekufa. Rimoti ikijizima wakati wa kuzunguka kwa kasi tu, punguza kasi ya juu ya mota kwenye menyu, nayo itakuvusha usiku huo. Ikijizima darubini inapoelekea upande uleule kila mara, waya unavutwa na plagi inaachia: ulegeze, uufunge kwa kamba kwenye mguu wa stendi, na uache mzunguko mmoja wa waya ukining'inia karibu na tundu.